Bodi Isiyoshika Kutu

Kila asubuhi baba mdogo akishaswali hutoka uani kupangusa gia boksi. Ameilaza juu ya magunia ya korosho na kuifunika kwa khanga kuukuu ya mama mdogo. Ni nzima, haina hata ufa. Ameitafuta miaka mingi, akaja kuipata Masasi. Pembeni yake pamebaki injini na chesisi ya landrova. Bodi haipo, na haipo kwa sababu ya mdomo wangu.

Nilifika kwao Likombe kama ninavyofika kila mahali, na begi moja, bila kusema nitaondoka lini. Shule niliiacha mapema, ila kusoma sikuacha. Nasoma hata karatasi waliyonifungia vitumbua, na simu naisoma mpaka chaji inakata. Landrova ilikuwa imesimama uani, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Zamani ilibeba muhogo na wagonjwa kutoka vijiji vya Kilambo, kule mtoni Ruvuma, na ilipeleka maharusi Msimbati kwenye mchanga ambao magari mengine yaliukimbia. Gia boksi ilipokufa, baba mdogo aliiegesha, na tangu hapo akawa na neno moja tu: itatembea.

Nikaanza kuichimba historia yake, jioni namsimulia. Nikamwambia kwamba baada ya vita kuu ya pili, Mwingereza mmoja alichora umbo la gari hilo ufukweni, kwenye mchanga.

"Mchangani?"

"Mchangani, baba."

"Ndiyo maana Msimbati haikuzama hata siku moja. Ilikuwa inarudi kwao."

Nikamwambia lile gari la kwanza la majaribio usukani uliwekwa katikati, kama trekta. Akacheka hadi akakohoa. "Sasa tajiri wa gari angekaa wapi?" Nikamwambia chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo bodi wakaiunda kwa aluminiamu, mali ileile ya kuundia ndege. Aluminiamu aliijua kwa mikono yake, ameinyoosha kwa nyundo ujana wake wote. Habari ya ndege ndiyo ilikuwa mpya.

"Kumbe mimi rubani! Na watu wa Likombe wananipita bila salamu."

Mama mdogo hadithi zetu hazikumhusu. Yeye alichokijua ni kwamba chini ya gari lile alishaua nyoka. Baba mdogo alipokwenda Masasi kufuata tetesi ya gia boksi, mama mdogo alikuwa anafagia uani, akausukuma mlango wa landrova kwa mguu.

"Lidude la chuma hili, hata kutu linaikataa!"

Ningenyamaza. Lakini aliyekimbia shule kama mimi, likitokea jambo analolijua, hatulii.

"Si chuma, mama. Ni aluminiamu, kama sufuria zako. Wale wanunuzi wa vyuma chakavu wa Chikongola wakiiona hii watapiga magoti."

Akaegemea ufagio. "Kama sufuria?"

Nikauona uso wake, na nikaelewa nilichofanya. Ningeweza kusema, msubiri mwenyewe kwanza. Badala yake nikatoka kwenda kutembea Mtawanya, kana kwamba nina kazi huko.

Kesho yake likaja guta na vijana wenye tindo. Nilikuwa chumbani, nikawasikia wanagonga riveti moja baada ya nyingine. Nikajiambia mimi ni mgeni, mambo ya nyumba hayanihusu. Waliondoka na milango, boneti, paa na madigadi. Chuma walisema watakirudia.

Baba mdogo alirudi na bajaji, akaanza kuita tangu barabarani. "Mwanangu! Njoo tubebe, injini imepata mwenzake!" Tukaibeba, yeye mbele, mimi nyuma, na nilijua ataona nini tukishaipita kona ya nyumba. Aliposimama, nami nikasimama. Akaushusha upande wake taratibu, nikaushusha wangu.

"Nimeuza," mama mdogo akasema kutoka mlangoni pa jiko. "Nimechoka na nyoka."

"Na nani kakwambia inauzika? Miaka yote unaiita chuma."

Akanitazama mimi, kisha akaangalia moto wake. "Mnunuzi mwenyewe."

Mpaka leo hajanikumbusha kwamba alinisitiri.

Siku chache baadaye baba mdogo alikuwa anapangusa gia boksi, akaniambia nisimulie. Nikaanza na mchanga, nikaja kwenye usukani wa katikati, nikarukia rangi ya kijani iliyosalia baada ya kupaka ndege za vita.

"Umeruka."

"Nimeruka nini, baba?"

"Bodi." Hakuinua macho. "Simulia ya bodi."

Nikasimulia. Chuma kilikuwa adimu, nikasema, na nilipofika kwenye aluminiamu sikuishia Uingereza. Nikaendelea hadi uani hapa, hadi kwenye ufagio wa mama mdogo na maneno yangu kuhusu sufuria.

Akasema, "Haya," akaifunika gia boksi kwa khanga.

Hajaniambia niondoke, wala hajaniomba hadithi nyingine. Kwingine kote ningeshaondoka. Begi bado liko msumarini, na asubuhi namsikia akiipangusa.