Sahihi ya Mama Cherehani

Hakuna aliyewahi kumsikia Mama Cherehani akipaza sauti karakanani kwake. Wasichana kumi na wawili walishona sare za shule chini ya macho yake, na aliyekosea alirudishiwa nguo kimyakimya, mshono umefumuliwa. Ndiyo maana siku aliyomfokea mwenyekiti wa klabu ya marubani mpaka mafundi wakatoka bandani na spana mikononi, watu walidhani kuna msiba.

Alianza kujifunza urubani akiwa na miaka arobaini na mitatu. Klabu ilimwita ashone upya viti vya ndege yao. Akaketi mbele ili apime kitambaa, akashika usukani, basi, yakawa hayo. Mumewe alicheka: "Mke wangu, kwa umri huu wenzako wanatafuta miwani."

"Miwani ninayo," akajibu. "Ndege ndiyo sina."

Kwa miaka tisa alirusha ndege ile ile moja, kongwe, mabawa yake juu kama mwavuli. Mafuta yalishuka yenyewe kutoka matangi yote mawili kwa pamoja. Koki ya mafuta, iliyokuwa sakafuni, ilikaa wazi daima; kazi ya rubani ilikuwa kutazama kipimo tu.

Halafu mwenyekiti akaiuza bila kumuuliza mtu, akaleta nyingine. Hii mabawa yalikuwa chini, mwendo wake wa kasi, na injini ilinywa tangi moja moja. Rubani alitakiwa kugeuza koki ya mafuta kila nusu saa, kushoto, kisha kulia.

"Nahitaji kitabu chake, na masaa ya kutosha na mwalimu," Mama Cherehani akasema.

"Mama, wewe si mwanafunzi!" mwenyekiti akamjibu. "Ndege ni ndege. Ajuaye kuogelea haulizi jina la mto."

Mwalimu wa klabu, mzee mrefu mwembamba waliyemwita Kamba, alizunguka naye kiwanja mara tatu. Dakika ishirini na tano. Walipotua akamfungulia daftari la mafunzo. Palikuwa pameshaandikwa: masaa matano.

"Tia sahihi hapo, Mama. Wenzako wote wametia."

Karakanani kwake, msichana aliyezoea cherehani ya kukanyaga hakugusa kazi ya mteja kwenye ile ya umeme kabla hajakaa nayo wiki nzima, akishona vipande vya kutupa. Sheria hiyo aliitunga yeye. Lakini Jumamosi alikuwa amemwahidi dada yake mkubwa kumpeleka kwa binti yake aliyejifungua. Akatia sahihi.

Jumamosi ikafika. Dada hakuwa amepanda ndege maishani mwake. Njia nzima alizungumzia mtoto: amefanana na nani, ataitwa nani. Mama Cherehani akacheka, akachangia, na koki akaisahau. Walipokaribia saa nzima hewani, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

"Mdogo wangu, umeizima?"

"Nyamaza, dada."

Alijua mara moja ni mafuta. Mkono wake ukashuka sakafuni, katikati ya viti, mahali koki ilipokuwa miaka tisa yote katika ndege ya zamani. Ukapapasa zulia. Akapapasa tena, kana kwamba koki imejificha. Ndege ilikuwa inashuka. Chini, miti iliyokuwa zulia la kijani ikaanza kuonekana mmoja mmoja. Akateua shamba lililolimwa, akaelekeza pua huko. Alipojisogeza kitini, goti lake la kushoto likagonga chuma ukutani.

Hiyo hapo! Akageuza koki, akawasha pampu. Injini ikatetemeka, ikakataa, ikakubali.

Akaigeuza ndege, wakarudi kiwanjani. Dada alishuka, akaketi kwenye nyasi kandokando ya lami, akivuta pumzi. Mama Cherehani akaenda moja kwa moja ofisini.

"Kitabu kiko wapi?" Sauti yake ilitoboa ukuta. "Kitabu cha ndege hii kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye droo ya mwenyekiti, ndani ya nailoni yake, hakijafunguliwa.

"Mama, tulia," mwenyekiti akasema. "Si mmefika salama? Tufunike kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu ni nani? Dada yangu aliyekaa pale nje? Mmeandika uongo, na mimi mpumbavu nikautilia sahihi! Ningemzika kwa kalamu yangu mwenyewe!"

Kamba, aliyekuwa pembeni, alitazama viatu vyake.

Jioni ile Mama Cherehani aliandika barua kwa ofisi ya usalama wa anga, na kosa la kwanza alilolitaja lilikuwa lake.

"Unajifunga mwenyewe," mumewe akamwonya.

"Na nijifunge."

Leseni yake ilisimamishwa miezi mitatu. Ndege nayo ikazuiwa kuruka mpaka kila rubani afundishwe upya. Wanachama wakamnunia. "Mshona nguo ametuvua nguo," wakasema.

Wiki ya pili Kamba akaja karakanani, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Nimekuja kuomba radhi."

"Sitaki radhi," Mama Cherehani akasema bila kuinua macho kutoka kwenye mshono. "Nifundishe."

Kwa siku nyingi waliketi ndani ya ndege iliyoegeshwa, yeye amefungwa macho kwa kipande cha kitambaa cha sare, Kamba akiita: "Koki! Pampu! Breki!" Alipokosea, walianza upya. Jasho lilimtiririka, na hasira haikumtoka. Ilikuwa ikimsukuma mkono. Leseni iliporudi, alifanya masaa matano ya kweli, kisha mengine matatu ambayo hakuna aliyemdai.

Dada yake alikwenda kumwona mjukuu kwa basi, safari ya siku nzima. Walipomuuliza kama hajasamehe, akajibu, "Mdogo wangu nimemsamehe. Ndege bado."

Mwenyekiti hakung'olewa, alimaliza muhula wake akipeana mikono na watu kama kawaida. Kila alipokutana na Mama Cherehani alimsalimu kwa uchangamfu. Mama Cherehani aliitikia, maana salamu hainyimwi mtu, kisha akapita. Hakumwongezea neno hata moja.