Kile Suad Alichomwambia Ciru

Hayat alikuwa akipika gurusa, zile chapati laini za Wanubi, kwenye kibanda chake Sarang'ombe, Kibera, na hakuwa mtu wa kuchekacheka na wateja. Aliolewa mapema, akaachwa, akarudi kwa kaka yake Haroun. Tangu hapo kila mtu alijiona ana haki ya kumshauri.

Kimotho alikuja kumtengenezea mlango wa kibanda. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kutoka mtaa uitwao Kongo, kule Kawangware, mpole, mikono imejaa alama za cheche. Mlango uliisha. Yeye akaendelea kuja.

Haroun alipojua, alimngoja nje ya kibanda mchana kweupe, watu wakiangalia.

"Wee, wasichana wameisha kwenu?"

"Nampenda dada yako."

"Hata kuswali hujui, unaniambia mambo ya kupenda? Nikikupata hapa tena, hiyo mikono haitashika chuma."

Kawangware nako hakukuwa na afadhali. Mama yake Kimotho, Njambi, alikuwa na nyumba za kupangisha, na mwanawe aliishi katika mojawapo. Siku ya kutambulishwa, Hayat alibeba gurusa zilizofunikwa kwa kitambaa. Njambi hakuzigusa.

"Kwenu ni wapi?"

"Kibera."

"Hapo ni mahali unakaa. Nauliza kwenu. Shamba liko wapi?"

"Babu ya babu yangu alizikwa Kibera, mum."

"Kumbe hana kwao," Njambi akasema, akimtazama mwanawe. Ciru, dada yake Kimotho, akacheka huku kikombe kiko mdomoni.

Kimotho alimfuata Hayat mpaka barabarani, akamwambia mathe atazoea. Hayat akamwamini.

Aliyebaki wa kumsikiliza ni Suad, rafiki yake tangu utotoni, muuza mitumba. Suad naye hakumtaka Kimotho, lakini angalau alisema mara moja akaacha. Na ukimtoa yule mume, Suad ndiye pekee aliyejua kwamba katika ile ndoa, Hayat alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Haroun alikuwa akifanya kazi Mombasa wakati huo, hakuwahi kuambiwa. Ni Suad aliyemshika mkono hospitalini.

Alasiri moja Kimotho alifika kibandani, akasukuma sahani kando.

"Hayat, twende hospitali upimwe, ndio tuwanyamazishe."

"Nipimwe nini?"

"Kama unaweza kuzaa. Mathe amesikia mtoto wako alikufa tumboni, na ndio maana uliachwa."

Hayat akazima jiko. "Amesikia wapi?"

"Ciru aliambiwa na beshte yako, akinunua mitumba kwake. Suad."

"Na wewe ulisema nini?"

Kimotho akaangalia viatu vyake. "Nilisema tupime, tujue."

"Haroun alikutisha, ukakuja. Mama yako akanidharau, ukanifuata. Nikadhani nimepata mwanaume. Leo umetumwa kuja kuangalia tumbo langu."

"Sijatumwa. Nakupenda."

"Waambie siendi. Na wewe usirudi."

Alimkuta Suad akikunja nguo, wateja wamemzunguka.

"Ulimwambia Ciru."

Suad hakukana. "Nilikuwa nakuokoa. Wale watu wangekutesa."

"Mtoto wangu tulimwona mimi na wewe peke yetu. Ukambeba ukampeleka Kawangware akachekwe."

Suad akaanza kulia. Hayat akamwacha alie mbele ya wateja wake.

Haroun alifurahi waziwazi kwamba Kimotho amekataliwa. Ijumaa iliyofuata alimleta nyumbani Nabil, mgane mwenye duka, Mnubi mwenzao. Hayat akaweka chai mezani, akabaki amesimama.

"Nabil, nilizaa mtoto ameshakufa. Labda sitapata mwingine. Kaka yangu hajui, ndio anasikia sasa. Chai hiyo hapo."

Haroun alimfuata jikoni. "Mbona hukuniambia?"

"Ili uite watu mjadiliane?"

"Mimi ni ndugu yako."

"Ulikuwa ndugu yangu pia siku ile ulipoahidi kumvunja mikono mtu niliyempenda."

Akahama, akapanga chumba mtaa wa Raila, hukohuko Kibera. Kimotho alikuja mara kadhaa akasimama ng'ambo ya njia. Hayat alihudumia wengine mpaka Kimotho akachoka, akaacha kuja. Haroun hununua gurusa kama mteja yeyote, na hapewi hata salamu ya ziada. Hayat hajutii kuwakatalia wote.

Ila juzi kulitokea kituko sokoni, mama mmoja akikimbizana na mbuzi aliyekula sukuma wiki zake, na Hayat akacheka mpaka machozi. Akafunga kibanda, akashika njia ya kwenda kusimulia. Alikuwa ameshaanza kuona nguo za Suad zinaning'inia ndipo akakumbuka. Akasimama hapo, watu wakimpita na kumsukuma, kisha akageuka.