Fundi cherehani anayekivisha kifaa cha angani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katikati ya uwanja wa nyasi fupi, mama wa miaka hamsini na minne amepiga magoti mbele ya sanduku linalotoshana na ndoo mbili. Uzi umening'inia shingoni. Anashona mshono wa mwisho wa koti la sanduku hilo.

Pembeni puto jeupe linajazwa gesi. Linainuka, linalala, linainuka tena, kama mtu anayeamshwa na hataki.

"Mama Koti, zimebaki dakika kumi!" anaita mhandisi mkuu, binti mwenye miwani.

"Dakika ni zako, mwanangu. Sindano ni yangu," anajibu bila kuinua kichwa.

Watu wanacheka, ila kicheko ni kifupi. Leo si siku ya mchezo.

Ndani ya sanduku mna kifaa cha kupima vumbi la juu angani. Puto litakipandisha kilomita thelathini, kisha kitashuka kwa mwavuli. Kikirudi kizima, kitapata nafasi kwenye roketi ndogo inayopanda hadi ukingo wa anga na kurudi. Kikizimika tena, nafasi wanapewa wengine, na karakana yao itaacha kushona makoti, inunue masanduku yaliyotengenezwa tayari. Mama Koti atakuwa hana kazi.

Miezi saba iliyopita kilizimika kikiwa kilomita ishirini na mbili. Huko juu baridi hufika nyuzi hamsini chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mara mbili. Kimekufa kwa baridi, wakasema. Koti ni jepesi.

Mama Koti, aliyeshona sare za shule miaka kumi na tisa kabla ya kazi hii, hakubisha.

"Ningesema nini? Wao wamesoma, mimi nina cherehani," anasema. "Nyumbani nikawa nakoroga uji mpaka unaungua. Binti yangu akaniuliza, 'Mama, unapika au umesafiri?'"

Aliagizwa aongeze tabaka mbili za sponji juu ya tatu zilizokuwapo. Kuongeza ni lazima ufumue kwanza. Alipofumua, akakuta gundi ya utepe wa ndani imetambaa na kushikana na kitambaa kama peremende iliyolambwa.

"Gundi iliyopigwa baridi hukauka, ukiivuta inapukutika. Hii ilikuwa imeyeyuka. Nikajisemea, hiki hakikufa kwa baridi. Tumekifunika mpaka kikaungua."

Akalibeba koti hadi kwa mhandisi.

"Mama, kule ni hamsini chini ya sifuri. Joto litoke wapi?"

"Litokako sijui. Gundi naijua."

"Labda jua lililipiga baada ya kuanguka."

"Lilianguka majini, mwanangu. Na nililianika mwenyewe, kivulini."

Mhandisi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Wiki iliyofuata walikitengeneza kifaa, wakakifunga kwenye koti la tabaka tatu kama lile la kwanza na kukifungia ndani ya tangi la majaribio. Wakanyonya hewa, wakapoza. Baada ya dakika arobaini kipimajoto cha nje kilisoma hamsini na tano chini ya sifuri. Cha ndani kilisoma sabini na moja juu ya sifuri. Kifaa kikazimika mbele ya macho yao.

"Kikifanya kazi kinatoa joto lake chenyewe," mhandisi anaeleza. "Huku chini hewa inalibeba. Kule hewa ni haba, joto halina wa kulichukua. Jambo hilo tulilisoma sote, lakini tuliogopa baridi mpaka tukalisahau. Nilimwomba mama radhi mbele ya watu."

"Aliniomba, kweli," Mama Koti anasema. "Nikamwambia yamekwisha, nipe mkasi."

Akabakiza tabaka moja, akakata dirisha ili bamba la chuma la ubavuni mwa kifaa litoe joto nje.

Saa moja kasoro dakika ishirini puto linaachiwa. Hemani wahandisi wamezunguka kompyuta. Mama Koti amekaa juu ya kreti, ameipa kompyuta mgongo.

"Ishirini," anasoma mhandisi. "Ishirini na moja."

"Ishirini na mbili."

Mama Koti amefumba macho.

"Ishirini na tatu, mama! Joto la ndani thelathini na nne. Kinaongea!"

Anapumua kwa nguvu hadi mabega yanashuka. "Asante Mungu. Haya, nipeni maji, koo limenikauka tangu jana." Safari hii kicheko kinakuwa kirefu, na mwenyewe anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Saa nne sanduku linaokotwa shambani, mwavuli umetandazika kando yake. Kifaa bado kinatuma habari. Wengine wanakikimbilia kifaa, yeye anapapasa mishono, mmoja mmoja.

Nafasi ya roketi wameipata. Koti la safari hiyo linatakiwa baada ya miezi minne, na Mama Koti anataka kuwaleta wenzake wawili wa zamani wa sare za shule wajifunze kazi hii.

"Roketi inatikisa kuliko puto, mama," mhandisi anamwambia. "Nikuletee michoro lini?"

"Michoro baadaye. Niletee kifaa chenyewe, kikiwa kimewashwa, nikishike kwa mkono," anasema akikunja mwavuli. "Nguo hushonwa kwa kumpima mwenyewe, si kwa kusimuliwa."