Kafuri Iliyopungua Sandukuni

Nyanya yangu aliyatayarisha maziko yake mapema, kama wazee wengi wa Mambrui. Sanda aliletewa kutoka Maka, na juu yake akaweka vipande vyeupe vya kafuri, ile dawa yenye harufu kali anayopakwa maiti akishaoshwa. Kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri alilifungua sanduku alimovihifadhi, akaikunjua sanda ipate hewa, akairudisha. Ijumaa moja akaniita.

"Kafuri yangu inaliwa."

Vipande vilivyokuwa vikubwa kama kokwa za tende vilibaki kama punje za mchele. Kitambaa kilikuwa kikavu, hakina hata doa.

Nyumbani tulikuwa yeye, mimi niliyerudi na shahada ya kemia nisipate kazi, na mke wa ami yangu. Ufunguo wa sanduku nyanya aliuvaa shingoni. Mke wa ami ndiye aliyeushika anapomsaidia kuoga.

"Nani mwingine?" nyanya akaninong'oneza. "Basi huyo hataniosha. Nikifa aitwe mtu wa mtaa wa pili."

Mnong'ono wa nyanya husikika hadi jikoni. Mke wa ami alisikia, sufuria zikanyamaza. Kwetu, mkamwana akizuiwa kumwosha mavyaa wake, mji mzima utauliza amefanya nini, na marehemu haombwi afute kauli.

Ningesema palepale. Tangu shule tulifundishwa kwamba barafu huyeyuka ikawa maji, maji yakawa mvuke, na kwamba viko vitu vichache, kafuri kimojawapo, vinavyotoka kwenye ugumu vikawa mvuke bila kupitia umaji. Lakini mimi hushuku hata jibu ninalolijua. Je, kama ni mvuke, na mwizi pia? Si mke wa ami alikuwa na mafua, na kafuri hutiwa katika mafuta ya kujichua kifua? Mbona juzi leso yake ilinukia? Nikawa nainusa mikono yake kila akinipa chai. Akaniona.

"Nusa vizuri, mwanachuoni," akanisogezea kidole puani. "Hiki nacho? Kitunguu hicho."

Nikaenda Malindi kununua kafuri. Kipande kimoja nilikitia kwenye chupa ya kioo, nikakaza kifuniko. Kingine nikakiweka kwenye kisahani. Vyote nikaviweka dirishani chumbani kwangu, nikafunga mlango, kisha nikaanza kumshuku paka.

Cha kisahani kilipungua siku hadi siku bila kuacha unyevu. Cha chupani kilikuwa bado kikubwa, na kwenye ubavu wa kioo uliopata baridi zilikuwa zimeganda chembe nyeupe zinazometa. Nikaipeleka chupa kwa nyanya, mke wa ami akiwapo.

Nyanya akaigeuza geuza. "Zimepandaje huku?"

"Kafuri imekuwa hewa, nyanya. Hewa imegusa kioo baridi, ikarudi kuwa kafuri, kwa kuwa haikupata pa kutokea. Lakini sanduku lina nyufa. Na kila ukilifungua kuikagua, iliyojaa humo hutoka, na nyingine huruka kushika nafasi yake."

"Yaani nikimtafuta mwizi, ndipo ninapomfungulia?"

"Wewe na Ijumaa zako," akadakia mke wa ami. "Haya, mwizi amepatikana. Mkamate basi, mama. Mfunge kamba."

Mimi nilitaka kucheka, nikaogopa. Nyanya aliuvua ufunguo shingoni, akamnyooshea. Mke wa ami hakuinua mkono.

"Ufunguo mpe hiyo hewa. Mimi nataka kujua kama nitakuosha au sitakuosha."

Nyanya aliitazama chupa, akanitazama mimi kana kwamba hata kemia yangu ina hila, kisha akamtazama mkamwana wake, macho yakakaa hapo.

"Maji yasiwe baridi," akasema.

Mke wa ami akauchukua ufunguo. Akaichukua na chupa, akakikaza tena kifuniko kwa pindo la leso yake, akaenda kuilaza juu ya sanda.