Pikapu Waliyoiita Twiga

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kushika spana. Foromani wa ile gereji ya Shimanzi, Mbaluchi mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alinisimamisha mbele ya lori lililoinama upande akaniambia nilitazame. Nikalitazama mpaka jua likawa la utosi. Aliporudi akauliza, "Haya, Athmani, umeona nini?"

"Limeinama, Foromani."

"Hata mwenyewe aliona limeinama, ndipo akalileta. Limeinama kwa nini?"

Sikujua. Akachuchumaa, akanionyesha springi za nyuma: mabamba ya chuma yaliyopinda, marefu juu na mafupi chini, yamebanwa pamoja. Kila bamba twaliita jani. Jani la kati lilikuwa limekatika, na mzigo wote ukawa umewaelemea wenzake. "Injini ikifa," akasema, "mtu hushuka akaenda kwa miguu. Hizi zikifa, huenda asishuke." Nilikuwa kijana, nikaona ni maneno ya kutishia wageni.

Miaka ya mwanzo kazi yetu ilikuwa malori ya bandarini. Tulizifungua springi, tukayatia moto majani yaliyolegea, tukayapinda upya kwa nyundo. Nilijifunza bushi, ile mipira inayozuia chuma kugonga chuma. Nilijifunza yu-bolti, zile bolti zilizokunjwa zinazoifunga springi kwenye ekseli, na kwamba hazikazwi siku moja zikasahauliwa; gari likishatembea na mzigo hurudi ukazikaza tena. Foromani alikuwa mkali kwa hilo kuliko jambo lolote. Alipostaafu alitupa mkono mmoja mmoja, akaenda zake kwao Makadara, na sisi tukabaki na mazoea yake.

Kisha gereji ikapata wenyewe wapya. Sakafu ikatiwa simiti, ikaja mashine ya alaimenti, yaani ya kuyanyoosha magurudumu yatazame mbele sawasawa, na akaja Meneja. Alikuwa mama wa Kirabai, msomi, mpole wa maneno, na ndiye aliyeileta kazi ya kuinua pikapu. Wateja wa kwanza walikuwa na haja: wenye mashamba huko bara, wenye machimbo ya mawe, watu ambao mvua ikinyesha njia zao hugeuka mito. Baadaye wakaja vijana waliotaka urefu tu.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana wengi hudhani ni kupachika chuma na kwenda. Kwanza gari hupimwa likiwa limesimama pahali tambarare, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote. Nyuma huwekwa springi zenye mpindo mkubwa zaidi na yu-bolti ndefu. Mbele huwekwa koili ndefu, ile springi ya mviringo. Shokabzoba, zile zinazotuliza mrusho wa springi, nazo zibadilishwe, la sivyo gari litarukaruka kama mbuzi. Mipira ya breki irefushwe, isije ikavutika usukani ukikatwa. Mwisho ni alaimenti, kisha taa ziteremshwe zisiwapofue wenzako. Na hata ukiyafanya yote hayo, gari lililoinuliwa si gari lile tena. Uzito wake umepanda juu. Kwenye kona litaegemea, na likishaegemea mno halirudi.

Mwanangu Swaleh aliyajua yote haya. Tangu yuko skuli alikuwa akija gerejini siku za Jumamosi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Lakini hakutaka ufundi. Alifungua biashara ya mahema na viti vya harusi, akanunua pikapu, akawa apeleka mizigo Kaloleni, Kinango, kokote palipo na sherehe. Njia za huko ziliipiga tumbo ile pikapu, akaja kwangu.

Nikamfanyia kwa utaratibu wote, inchi mbili. Alipoingia na kuiendesha uwanjani alirudi akicheka, lakini hakushuka.

"Baba, waonaje ukiniongezea kidogo?"

"Yatosha."

"Kule Kinango kuna mto, maji yaingia hadi mlangoni."

"Maji yakiwa mlangoni, ngoja yapungue. Wewe wabeba vyuma vya mahema, Swaleh. Mzigo wako tayari uko juu. Nikikuongezea, nakuua."

Alishika usukani. Kisha akasema, "Sawa, Baba. Wewe ndiye mwenye kujua," akaniaga kwa adabu, akaondoka. Hatukugombana. Mara nyingi nimetamani tungaligombana.

Kwetu ni Kuze, na vichochoro vyetu ni vya miguu, gari halifiki mlangoni. Pikapu ililala Tononoka, kwenye kiwanja cha rafiki yake. Kwa hivyo baada ya siku ile sikuiona tena. Nilimwona yeye: aingia, ambusu mamake kichwani, ala, aondoka.

Siku moja Swaleh alikuwa yuarudi kutoka harusini, peke yake, vyuma vya mahema vimefungwa juu. Katika mteremko wa Mazeras ng'ombe akakata barabara. Waliokuwapo walisema hakuwa na mwendo wa kasi. Alikata usukani kumwepa, pikapu ikaegemea, ikabiringika. Simu ilipokuja nilikuwa chini ya gari la mtu, na Meneja mwenyewe ndiye aliyeinama akaniita, "Fundi, toka kwanza. Toka, tafadhali." Nilipouona uso wake nilijua.

Tulimzika jioni ile ile. Watu walijaa mtaani hadi mlangoni kwa jirani. Mimi nilikaa kwenye jamvi nikipokea mikono, na ndani ya moyo wangu kulikuwa na jambo moja tu. Nilikuwa nimekwisha kusikia, kutoka kwa vijana waliokuja kutoa pole, jinsi walivyoisifu pikapu yake. Walikuwa wakiiita Twiga. Kwa inchi mbili nilizomwekea, hakuna mtu angeliita gari twiga. Nikafahamu kwamba kuna fundi aliyemwongezea, na nilimtaka fundi huyo. Nilitaka jina lake.

Matanga yalipokwisha nikaenda kituoni kwa polisi, gari lilikolazwa. Shemeji yangu alinisihi nisiende, sikumsikiza. Mkaguzi wa magari, bwana wa makamo aliyenisalimu kwa heshima, alikuwa ndiyo kwanza amalize kuandika yake.

"Mzee, wewe ni fundi," akasema. "Nataka kujua, hii ni kazi ya nani?"

Nikalala chini, nikaingia. Paa lilikuwa limebonyea, lakini chini kote kulikuwa kuzima. Niliziona springi zangu. Kati ya springi na ekseli palitiwa pande la chuma, lile tunaloliita tofali, jeusi, nene kama upana wa kiganja. Mbele nako koili zilikuwa zimeongezwa kipande. Nikaanza kuikagua ile kazi kama adui. Nilitafuta yu-bolti fupi: zilikuwa ndefu, za kipimo. Nilitafuta nati iliyolegea: hakuna. Mipira ya breki ilikuwa imerefushwa na kufungwa mbali na gurudumu. Shokabzoba zilikuwa mpya.

Kisha nikaona rangi. Sisi tuliopita mikononi mwa Foromani, nati ikishakazwa mara ya pili, tulikuwa tukiipiga mstari mdogo wa rangi nyeupe, ili jicho lione upesi ikiwa imezunguka. Gerejini nilikuwa nimebaki peke yangu mwenye kufanya hivyo. Mimi, na niliyemfundisha. Kila nati ilikuwa na mstari wake. Mistari ilikuwa imenyooka, myembamba, imetiwa na mtu mwenye mkono mwepesi.

Sijui nilikaa humo muda gani. Mkaguzi aliinama akauliza, "Mzee, umeitambua?"

"Nimeitambua," nikasema. "Ameifanya mwenyewe."

"Ana makosa gani?"

"Hana. Amefanya sawasawa. Isipokuwa haikufaa kufanywa."

Mkaguzi akanipa mkono kunivuta nje. Hakuandika kitu. Nilisimama pale nikiwa sina hata mtu wa kumchukia.

Nilirudi kazini, maana kukaa nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Mikono ilifanya kazi, mimi mwenyewe sikuwapo. Siku moja Meneja akaniita ofisini. Palikuwa na kijana amekaa, amevaa vizuri, funguo mkononi. Meneja hakunitazama.

"Fundi Athmani, samahani," akasema. "Nilitaka kumpa fundi mwingine. Amekuulizia wewe."

Yule kijana akainuka, akanipa mkono kwa mikono yote miwili. "Shikamoo, mzee. Kulikuwa na pikapu moja nyeupe, ikija kule ufuoni Mama Ngina jioni. Watu wote walikuwa wakiipiga picha. Naambiwa ni kazi ya nyumba yako. Nataka kama ile, hata ukiniongezea juu kidogo si neno."

Nilimwambia kwamba mwenye ile pikapu amekufa nayo. Akasema, "Innalillahi," na uso wake ukabadilika kweli kweli, hakuwa mtu mbaya. Akazitazama funguo zake. Kisha akasema taratibu, "Lakini mimi, mzee, nitaendesha polepole."

Nilivua ovaroli pale pale ofisini. Meneja alilia, akasema nichukue mapumziko, nirudi nikiwa tayari. Nikamshukuru. Ndiko kustaafu kwangu; hapakuwa na karamu wala hotuba. Yule kijana niliambiwa alifanyiwa kazi yake kwenye gereji ya barabara ya pili, na kwa jinsi nilivyoelezwa, hata breki hazikuguswa.

Nyinyi vijana mumeniomba mimi mzee nieleze kazi ilivyokuwa zamani, ili mfaidike. Kazi ilikuwa hivyo nilivyosema. Ningependa kuwaambia kwamba mtu akijifunza vyema, akiheshimu vipimo, akikaza anachokaza na kurudi kukikagua, ataokoka na kuwaokoa wengine. Nilikuwa nikiwaambia hivyo wanagenzi wangu. Sasa siwezi kulitamka neno hilo.

Mke wangu Rukia hakuwahi kuniuliza habari za gari. Juzi, baada ya alasiri, tulikuwa tumekaa barazani, yeye akichagua mchele. Akasema bila kuinua kichwa:

"Athmani. Yale uliyokuwa ukimfundisha mwanangu, aliyashika?"

"Aliyashika."

"Yote?"

"Yote, Rukia. Sijapata kumwona fundi kama yeye."

Akauendea mchele tena kwa vidole, akatoa punje moja ya jiwe, akaitupa uchochoroni. "Basi hilo ndilo nisilolielewa," akasema.

Nikasogea karibu, nikaanza kuchagua mchele pamoja naye.