Airisi ya Mvua Mbili

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mama yangu analijua hilo kuliko mchungaji wetu.

Airisi ni ua lenye mzizi mnene unaolala juu ya udongo kama tangawizi. Nyingi huchanua mara moja kwa mwaka. Sisi Kitui tuna mvua mbili, nami nilitaka ua la kuitikia zote mbili. Moja nililitoa vilima vya Makueni: lilirudia kuchanua, lakini liliogopa jua. Jingine nililinunua Kambu kando ya barabara: gumu, lisilojali ukame, ila la mara moja tu. Nikayachavusha kwa njiti ya kibiriti, nikapanda mbegu, nikangoja miaka mitatu. Majirani hapa Kabati waliuliza kama linaliwa. Nikijibu haliliwi, waliniaga kwa heshima.

Katika miche yote, mmoja tu ulichanua Aprili, ukachanua tena Novemba: zambarau, na petali za chini rangi ya ugoro. Nililia kwa furaha. Kisha nikauzungushia miiba na kutangaza nyumbani kwamba asiukaribie mtu.

Mwaka uliofuata, mvua za Novemba zilipoanza, nilienda mji wa Wote kumtazama binti yangu aliyejifungua. Mama alibaki. Yeye amelima viazi vitamu maisha yake yote, na kwetu mzizi ulioachwa juani ni aibu ya mwanamke mvivu. Akaufukia mzizi wa ua langu, akaushindilia vizuri na kuuongezea samadi ya mbuzi. Lakini airisi hutaka mgongo wake uote jua. Niliporudi nilikuta mzizi umeoza, umekuwa uji unaonuka.

Nilimfokea mama yangu wa miaka themanini na mbili mbele ya mke wa jirani.

"Niliona imeachwa uchi," alisema. "Nikaihurumia."

Akaingia kwake. Siku nne aliniwekea chai mezani nami nikainywa bila hata asante. Nikijikumbuka hivyo, naona haya mpaka leo.

Siku ya tano alifika mama mdogo, dada yake anayelima ndengu Kyuso. Kyuso ni kukavu kiasi kwamba nisingethubutu kupeleka ua huko. Alifungua kiondo. Juu ya ndengu kulikuwa na vichipukizi vitatu vyenye udongo, na ua moja ndani ya gazeti: zambarau, na petali za chini rangi ya ugoro.

"Ile mbeu ulinipa, dada, kile kipande cha mzizi," alimwambia mama. "Ilitoa maua Aprili, na sasa imetoa tena."

Nilimgeukia mama. "Ulimpa lini?"

"Ile siku ulikataza." Hakuniangalia. "Mbeu haikai nyumba moja, mwanangu. Ya kwako ikiharibika, utaomba nani?"

Nilipiga magoti palepale, na si kwa maombi. "Mwaitu, mama yangu, nisamehe. Nilikukosea sana."

Alinyanyuka taratibu, akachukua jembe.

"Kuja unionyeshe vile inapandwa uchi."

Tukapanda kimoja, migongo yetu ikiota jua. Viwili vilivyobaki nilitaka kuvipanda hapo hapo. Mama alinisogezea lile gazeti. Nikavifunga humo: kimoja cha binti yangu kule Wote, kimoja cha mke wa jirani.