Mnyororo wa Alasiri

Kila siku, adhana ya alasiri ikikaribia, Bi Hafidha huenda getini, huinama na kuushika kwa mkono mtupu mkanda wa shingoni wa mbwa. Huupapasa mpaka aifikie pete ya mnyororo, huivuta kwa nguvu, kisha hurudi uani kuuosha mkono huo mara saba, mara ya kwanza kwa udongo. Mkanda ni mkavu. Mbwa mwenyewe alizikwa kabla ya masika.

Nyumba si yake. Ni ya Amin, mfanyabiashara anayeishi Dar es Salaam. Bi Hafidha ni mtunzaji tu, mjane wa watu wa Bagamoyo mjini aliyehamia huku Mbegani kwa ajili ya kazi hiyo. Mbele kuna geti la vyuma lenye kibao cha "Mbwa Mkali". Upande wa uchochoroni hakuna ukuta, ni michongoma tu, na ina pengo ambalo Amin ameahidi kulijengea tangu nyumba ilipokwisha.

Mbwa alikuwa wa kizungu, mweusi, kifua kama pipa, na hakuwa akibweka. Hilo ndilo lililowatisha watu. Watoto waendao chuoni kusoma Kurani walipopita uchochoroni walisikia pumzi tu nyuma ya michongoma, zikifuatana nao. Wakisimama, nazo zinasimama. Wazazi walipolalamika, Salumu, mwenyekiti wetu wa mtaa, alimwita bwana mifugo, yakawekwa masharti: mbwa achanjwe, asitoke nje, na alasiri afungwe mpaka watoto wapite. Ili watoto wajue kwamba amefungwa, Bi Hafidha aupige mnyororo kwenye geti. Wao wangoje kwenye kona. Wakisikia mlio, wapite.

Bi Hafidha alikuwa hamgusi. Mate ya mbwa ni najisi, naye nguo zake za sala anazitunza kuliko kitu chochote. Alijitengenezea fimbo ndefu yenye ndoana, akawa anamfunga kwa mbali. Batuli, jirani anayeuza vitumbua ng'ambo ya uchochoro, alikuwa akimcheka na kusema kwamba mwenzake anamchokoa mbwa kama pweza mwambani. Lakini mbwa hakuwa mgumu. Saa ya kufungwa ilipofika alikuja mwenyewe, akasimama palepale, shingo ameiinua.

Siku ile, wa kwanza kwenye kona alikuwa Saida, mtoto wa kaka yangu. Mlio ulisikika, akaingia uchochoroni peke yake, wenzake wakiwa bado wanavaa viatu majumbani. Alipofika katikati alizisikia pumzi. Baadaye alituambia kwamba hakukimbia, kwa sababu mnyororo ulikuwa umeshalia. Kisha michongoma ikafunguka.

Bi Hafidha alitoka na nguo zake za sala, akautia mkono wa kushoto kinywani mwa mbwa na kumbandua mguuni kwa mtoto. Saida alichomwa sindano zote za kichaa cha mbwa, akapona. Shavu la mguu lina makovu, na chuoni siku hizi anapitia ufukweni, njia ya mbali.

Siku hiyohiyo Batuli alisema kwamba alimwona mbwa kutoka dirishani kwake. Alikuwa ameuma mnyororo, akiutikisa getini, kichwa kinakwenda huku na huku. Alikwishajua kwamba mlio ule ndio unaowaleta watoto. Watu waliamini mara moja, maana Bi Hafidha alikuwa kwenye msala, na hapakuwa na mwingine mle ndani. Wako waliosema yule hakuwa mbwa hata kidogo. Bwana mifugo alipokuja kummaliza kwa sindano, mbwa alijilaza mwenyewe, uso ameuelekeza uchochoroni, kama anayengoja wageni. Na tangu amezikwa, wapo wanaoapa kwamba mnyororo wanausikia bado.

Bi Hafidha hakuulizwa na mtu. Hakukubali wala hakukanusha.

Sasa Amin anataka kuleta mwingine wa aina ileile. Amemwambia Salumu kwamba yule wa kwanza alikuwa na mashetani, huyu amelelewa na watoto. Masharti yatakuwa yaleyale, mnyororo uleule. Mtaa hauna kinyongo. Kilichobaki ni Bi Hafidha kukubali kumfunga. Akikubali, watoto wataambiwa tena wangoje kwenye kona, na Saida ataambiwa arudi njia ya karibu.

Wiki hii mama yake Saida alinituma nimpelekee Bi Hafidha mkate wa kumimina. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaulizia mguu wa mtoto. Tulikaa barazani. Salumu alipita, akasimama nje ya geti bila kulishika.

"Vipi, Bi Hafidha? Huyu mpya naye utamchokoa kama pweza?"

"Mwambie Amin jibu langu nitalitoa mkutanoni," alisema. "Mbele ya wazazi."

Salumu alicheka kidogo, akaenda zake. Kule kwenye kona watoto walikuwa wameshaanza kukusanyika kwa mazoea ya zamani, na kutoka barazani niliviona vichwa vyao juu ya michongoma.

Ndipo mnyororo ulipolia. Mara moja tu, mlio mfupi, chuma juu ya chuma. Upepo haukuwapo, hata kanga kwenye kamba zilikuwa zimetulia. Vile vichwa kwenye kona vilitugeukia vyote pamoja, na hakuna hata kimoja kilichosogea.

Bi Hafidha hakutazama getini. Alikuwa akiufuta mkono wa kushoto kwa ncha ya kanga, kidole baada ya kidole.

Nilikuwa sijapanga kumuuliza kitu. Nikamuuliza siku ile ni nani aliyeupiga mnyororo.

"Mimi, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nimeshatia udhu, sikutaka mate yake, na watoto wananingoja. Alikuja akasimama palepale kama siku zote, nikaona atasimama tu. Nikaupiga. Naye yuko hapa ubavuni kwangu, hajafungwa, anausikiliza."